Nyuma ya Kadi za Maziwa

Banda la kukamulia
2 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita niliipokea na sikuijibu, na barua hii nayo si jibu lake. Naandika kwa hasira. Nakwambia mapema ili baadaye usiseme hukuelewa.

Mkuu wa shule ameletewa karatasi na wachapishaji, ya kutangaza kitabu. Akanipa mimi, akidhani nitafurahi. "Kamusi ya Wanyama, Kilatini kwa Kiswahili. Imetungwa na..." halafu jina lako na vyeo vyako vyote, hakuna hata kimoja kilichobaki nyumbani. Chini wameweka ukurasa mmoja wa mfano, wa maneno ya ng'ombe. Nimeusoma nimesimama, ndoo mkononi.

*Bovinus, bovina, bovinum: -a ng'ombe kwa jumla, dume au jike, hai au mfu.*

*Vaccinus, vaccina, vaccinum: -a ng'ombe jike, hasa maziwa yake, yakiwa bado na joto la mwili wake.*

*Vitulinus, vitulina, vitulinum: -a ndama, ngozi yake, nyama yake, na pumzi yake, ambayo hunukia maziwa mpaka siku anapoanza nyasi.*

Hayo si maneno yako. Wewe hujanusa pumzi ya ndama tangu uvae viatu vya kufunga kamba. Hayo ni maneno ya kadi za Baba, nukta kwa nukta. Mtu amelisha ng'ombe wa shule hii miaka arobaini. Kilatini amejifunza kwa kusimama nje ya dirisha la darasa akiosha ndoo. Ameandika kadi mia sita na kumi na mbili, amezifunga kwa kamba na kukutumia kwa posta bunda baada ya bunda, ukimwambia, "Lete, Baba, zinanisaidia darasani." Kumbe ulikuwa unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Karatasi inasema kitabu kinaingia mtamboni mwisho wa Aprili. Muda unao. Nataka jina la Baba jaladani. Si ndani, si kwenye shukrani: jaladani, mahali mtu analiona kitabu kikiwa kimelala mezani. Ana miaka themanini na moja. Sitaki lije limkute hayupo.

Usinipigie simu ya shule. Ofisi nzima huwa inasikiliza.

Dada yako

---

Chumba cha walimu
10 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenihukumu kwanza, halafu hukuniuliza chochote. Ndiyo desturi yako.

Kamusi haitungwi kwa kunusa. Kadi za Baba ni mali ghafi, nami nimekaa nazo miaka tisa. Nani unadhani alikwenda kuhakikisha kila neno kwenye maandishi ya zamani? Nani aligundua kwamba wakulima wa Kirumi hawakuwa na haja sana na *bovinus*, ambalo limekuja baadaye, bali walisema *bubulus, bubula, bubulum*, na kwamba nyama ya ng'ombe ni *caro bubula*? Hayo Baba hakuyajua. Nani alipanga maumbo? Baba zamani alianza na umbo la kiume, kama vitabu vyote duniani. Hizi kadi za karibuni anaanza na la kike, sijui kwa nini, uzee labda. Nimeyageuza yote, moja moja. Hiyo ni kazi, Dada. Unaionaje wewe kazi? Lazima mtu atoke jasho kwapani?

Baba sikumsahau. Kwenye shukrani nimeandika: "na kwa mfugaji mmoja mzee, kwa msaada wake." Mhariri anasema walimu watakaokinunua kitabu wanataka kujua kimetungwa na msomi. Kadi zenyewe upande mmoja ni Kilatini, upande wa pili ni lita za maziwa za asubuhi na jioni. Huo wa pili sijawahi hata kuutazama. Ningewapelekea wachapishaji kitu kama hicho na kusema hii ndiyo kamusi?

Kama Baba ana neno, aniandikie mwenyewe. Yeye na mimi tunaelewana katika jambo hili. Wewe, kwa heshima zote, si lako.

Mdogo wako,
Mwalimu

---

Banda la kukamulia
16 Machi

Mwalimu,

"Mfugaji mmoja mzee." Mmoja! Kama uliyemwokota barabarani akakuonyesha njia ya kwenda sokoni.

Ngoja nikukumbushe huyo mfugaji mmoja alivyokuwa anafanya kazi, maana naona vyeo vimekukalia kichwani. Neno haliandiki mpaka amelikuta bandani. Kwa *taurinus* alikaa na dume la shule wiki mbili. Alilisikiliza, akalishika shingo, akarudi na mkono umechubuka ndipo akaandika: "-a fahali, shingo, sauti na hasira, lakini si nyama, maana akishachinjwa hasira imekwisha." *Armentalis* alikataa kuliandika mwaka mzima kwa sababu linasemwa juu ya kundi, na ng'ombe wa shule wakati huo walikuwa wanne tu. "Wanne si kundi," alisema. "Wanne ni familia." Walipofika kumi na wawili ndipo akachukua kalamu.

Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unakula mkate mlangoni.

Unataka Baba akuandikie. Haya, atakuandikia. Ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini naona wewe nundu yako unaionea haya.

Dada

---

Nyumbani
18 Machi

Mwanangu,

Sijambo. Ng'ombe ni kumi na wanne, wawili wana mimba.

Dada yako amenieleza habari ya kitabu. Sina la kukugombeza. Nina jambo moja tu.

Nilikufundisha ukiwa mdogo kwamba kivumishi hakisimami peke yake. Kinafuata neno lake kama ndama anavyomfuata mama yake. Mama akiwa wa kiume katika sarufi, nacho kiume, akiwa wa kike, nacho kike. Ukimwona ndama peke yake barabarani, unajua hapo kuna mtu ameiba. Kitabu chako kimejaa ndama. Watu watauliza mama yao yuko wapi.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke. Leo naomba. Weka jina langu.

Baba yako

---

Chumba cha walimu
27 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua yako imenikuta nasahihisha madaftari, nikayaweka kando. Wewe ukiandika mwenyewe mambo yanakuwa mepesi. Dada akiandika, nasikia mlango unabamizwa.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Unakumbuka wanafunzi walivyokuita Bovinusi? Siku yangu ya kwanza darasani, mwalimu wa Kilatini aliandika neno hilo ubaoni, na maumbo yake matatu. Darasa zima likageuka kunitazama mimi, mtoto wa Bovinusi. Mmoja akalia kama ng'ombe. Wewe ulikuwa nje ya dirisha na ndoo yako, ukacheka, ukidhani wanafurahia neno. Nami nikalia kama ng'ombe, Baba. Nililia kwa sauti kuliko wao wote, ili wanione ni mwenzao. Nina miaka arobaini na nne sasa, na nilipokuwa naandika jalada nilisikia kile kilio. Nikawaza wenzangu hapa chuoni wakijua. Mhariri hakulifuta jina lako. Nililifuta mimi.

Nisamehe. Nitaliweka. Litakuwa chini ya langu, kwa herufi ndogo kidogo, lakini jaladani.

Nina ombi moja. Dada tusimwingize humu. Moyo wake ni mzuri lakini umechacha. Ananionea kijicho tangu uliponipeleka shule ukambakisha bandani. Si kosa langu wala lako. Yeye ni mtu wa ndoo. Hajui kunyambua hata neno moja. Ukimwuliza *vitulinus* ni nini, atakwambia ni ugonjwa na atakwenda kutafuta dawa. Sasa anapokuja na hasira zake za kutetea kadi asizoweza kuzisoma, nashindwa hata kumjibu. Barua hii usimpe.

Na kadi zako za karibuni, Baba! Hizi mia mbili na kitu za mwisho ni bora kuliko zote. Zamani ulikuwa unaeleza ng'ombe. Sasa nikisoma nasikia wanatafuna. Ile ya *forda* nilipoisoma niliweka kalamu chini: "Forda: ng'ombe mwenye mimba. Hutumika kwa umbo la kike tu. Ukiegemea ubavu wake wakati wa kukamua utapigwa mateke mawili, moja la nje na moja la ndani." Umri umekunoa. Ningependa kuandika hivyo siku moja.

Mwanao akupendaye

---

Banda la kukamulia
4 Aprili

Mwalimu,

Barua uliyomwandikia Baba nimeisoma mimi. Barua zote za Baba nazisoma mimi, kwa sababu Baba haoni. Si "ukungu kidogo" kama nilivyokuandikia. Haoni kabisa, huu ni mwaka wa nne. Na ile barua ya tarehe kumi na nane niliiandika mimi, hapa juu ya meza ya kuchujia maziwa, ya ndama na mama yake, yote.

Rudia kusoma hapo kama hukuelewa.

Sasa toa kadi kwenye sanduku. Geuza. Tazama ule upande ambao hujawahi hata kuutazama. Kila ng'ombe ana kadi yake ya mwezi, na Baba alikuwa akiandika nyuma ya kadi iliyojaa, mwezi wa maziwa ukiisha. Kila kadi ina mwezi na mwaka juu, pembeni kulia, kwa wino mwekundu. Kila kadi yenye tarehe ya ndani ya miaka minne hii ni yangu. Nimekuhesabia, usijichoshe: mia mbili thelathini na moja. *Forda* ni yangu. Mateke yale yote mawili nilipigwa mimi. *Vitulinus* ni yangu. *Vaccinus* ya Baba ilikuwa na maneno mawili tu, "-a ng'ombe", nikaiandika upya. Ulidhani kipofu anaandika kwa kutumia nini, masikio?

Mwandiko unafanana kwa sababu sikupelekwa kujifunza kwingine. Nilijifunza kuandika kwa kupitisha kidole juu ya kadi zake, wewe ukiwa darasani. Na Kilatini alinifundisha tukikamua, yeye kwenye ng'ombe wake, mimi kwenye wangu. Mkono wa kulia *-us*, wa kushoto *-a*, wa kulia tena *-um*, mpaka ndoo ijae. Miaka ishirini na sita asubuhi na jioni. Nyambua wewe neno mara nyingi hivyo uone kama utalisahau.

Naanza na umbo la kike kwa sababu bandani wanaokamuliwa ni wa kike. Si uzee. Ukayageuza yote moja moja, na unajisifia.

Utauliza kwa nini nilificha. Nitakwambia, ingawa naona haya kuliko wewe na kilio chako cha ng'ombe. Baba akikuandikia, unajibu kurasa tatu. Mimi nikikuandikia, unajibu mistari mitatu, na mmoja ni tarehe. Macho yake yalipokwisha, nikajua kurasa tatu nazo zimekwisha, kwake na kwangu. Zilikuwa zinamfurahisha. Zilikuwa zinanifurahisha mimi. Ulikuwa unauliza mambo, unatania, unasema umeota nini. Nikaendelea kuandika kama yeye ili uendelee kuandika kama wewe. Miaka minne ndugu yangu amezungumza nami vizuri, akidhani mimi ni mtu mwingine.

Na mwisho wa yote unamwomba Baba asinipe barua kwa kuwa mimi ni mtu wa ndoo.

"Umri umekunoa"! Haukumnoa mtu. Tangu mwaka jana Baba anapotea. Asubuhi nyingine ananiita nesi. Juzi aliniuliza kama nina watu nyumbani kwetu. Ng'ombe anawajua wote kwa mlio, na wewe anakukumbuka. Kila siku anauliza kama Mwalimu ameandika. Hujaja kumwona mwaka wa sita huu, na ni wewe anayekukumbuka! Mimi ndiye ninayemvalisha viatu.

Nilikuwa nimedai jina lake tu. Langu nilikuwa tayari kufa nalo, kweli kabisa. Umenitoa huko mwenyewe kwa mkono wako.

Mtu wa ndoo

---

Nyumbani kwangu
14 Aprili

Dada,

Nimegeuza kadi. Niliziweka sakafuni, zikajaa chumba, nikawa natembea katikati yake bila viatu. Ni mia mbili thelathini na moja kama ulivyosema. Nyuma ya *vitulinus* kuna maziwa ya siku tisa, halafu umeandika kwa penseli: "Ndama amekufa. Mama hatoi. Nimekaa naye." Halafu mistari mitupu hadi mwisho wa mwezi. Nami neno la kadi hiyo nimelitoa kama mfano wa matumizi ya kivumishi.

Nina aibu. Lakini na mimi nina hasira, na utanivumilia. Nilikuwa naongea na baba yangu, nikamwambia jambo ambalo nimelibeba tangu utoto, kumbe baba yangu hayupo, amekwisha kwenda na hakuna aliyeniambia. Ulikaa kwenye kiti chake ukanijibu kwa sauti yake. Hukuninyima habari tu. Umeninyima miaka minne ya kujua kwamba natakiwa kurudi. Unanilaumu sikuja! Ningekujaje, na kila mwezi barua ikiniambia "sijambo, ng'ombe ni kumi na wanne"?

Hata hivyo nimefanya ulichotaka. Nimewaandikia wachapishaji waondoe jina langu. Jalada litakuwa na jina la Baba, peke yake, kwa herufi kubwa. Mimi sihitaji chochote.

Lako sikuliweka. Nimefikiri sana, usidhani sikufikiri. Mzee aliyejifunza Kilatini dirishani, watu watamheshimu. Lakini nikisema zaidi ya theluthi ya kazi imeandikwa na binti yake kwa mwandiko wa kuigiza, watauliza ni kipi kingine kilichoigizwa humo, na kitabu kizima kitakuwa kichekesho. Wewe mwenyewe ulisema: jina la Baba jaladani. Hukudai zaidi. Nimekupa, tena nimeondoa na langu. Tuliache hapo.

Mdogo wako

---

Ofisi ya Uhariri
17 Aprili

Mzee wetu,

Pokea heshima zetu. Mwalimu ametuarifu kwamba kamusi yote ni kazi ya mkono wako, na kwamba yeye anajiondoa. Tumeshangaa, na tumefurahi pia, maana sasa tunaelewa kwa nini sehemu ya ng'ombe inasomeka tofauti na vitabu vingine vya aina hii. Hapa ofisini imepita mikono yote. Mpishi wetu wa chai amenakili maelezo ya *forda* akayabandika ukutani.

Kabla ya kuingia mtamboni tunahitaji tamko lililoambatishwa hapa, likisema maneno yote uliyatunga wewe mwenyewe. Tafadhali utie sahihi kwa mkono wako, litufikie kabla ya tarehe ishirini na tano. Bila sahihi hiyo hatutaweza kuchapa.

Wako mtiifu,
Mhariri

---

Banda la kukamulia
29 Aprili

Mdogo wangu,

Tamko lilifika tarehe ishirini. Lilikaa juu ya meza ya kuchujia siku nzima na kopo juu yake lisipeperuke. Ungeona kilichokuwa kinanitazama. Sahihi ya Baba naijua kuliko yangu. Nimeiweka mara nyingi, kwenye barua zako, kwenye daftari la dawa za ng'ombe. Mstari mmoja tu na kitabu kingetoka, jina la Baba juu kwa herufi kubwa, kila mtu ameridhika, na wewe umelala usingizi wa mtu mwema.

Maana hivyo ndivyo ulivyofanya, na usiniambie vingine. Ulipoambiwa theluthi ya kamusi ni ya dada yako, uliona bora utupe jina lako mwenyewe kuliko kulikalisha karibu na langu. Ukaona bora umpe jalada lote mtu asiyeweza kuliona. Mimi uliponiona mjinga, ulininyima. Uliponiona najua, ukaninyima vilevile. Umebadilisha sababu tu. Hilo limeniuma kuliko mtu wa ndoo, na litaniuma muda mrefu.

Kuhusu kukuficha hali ya Baba, umesema kweli. Nilikosea. Nilikuibia. Sina utetezi na sitautafuta. Lakini kosa langu halifuti lako, yanakaa mawili pamoja.

Sikutia sahihi ya Baba. Nilichukua karatasi safi nikamwandikia mhariri mambo yote: dirisha, macho, kadi, tarehe za wino mwekundu, barua ya ndama. Nikamwambia apeleke mtu akague kadi kwako kama ana shaka. Chini nikatia sahihi yangu. Ilikuwa mbaya, imelala upande, kwa sababu sijaizoea.

Alipiga simu ya shule, ofisi nzima ikisikiliza, na safari hii niliwaacha wasikilize. Aliuliza kama nina uhakika, akasema watachelewa wiki mbili lakini watachapa. Majina ni matatu. La Baba kwanza, kwa sababu alianza. Langu la pili. Lako la tatu, kwa sababu miaka tisa ya kuhakikisha maneno ni kazi hata kama haitoi jasho, na mimi si mwizi. Uliliondoa, nimelirudisha. Usiniandikie kubishana. Na maumbo ya kike uliyoyageuza, katika zile kadi zangu, yanarudi mbele yalikokuwa.

Hasira haijaisha. Nakwambia ili usije na maua.

Lakini uje. Njoo wiki hii, uache madaftari. Nitakwambia kwa nini, halafu nanyamaza.

Juzi walituletea kurasa za mwisho za kusahihisha. Mchana, baada ya chakula, nilimkalisha Baba mlangoni penye jua nikamsomea sehemu ya ng'ombe yote, neno kwa neno, na maumbo yake. Sikumwambia ni kitabu gani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyomsikiliza ng'ombe anayekohoa. Kwa *taurinus* aliitikia kwa kichwa. Kwa *vitulinus* akanishika mkono, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena.

Halafu akasema, "Nesi, huyu aliyeandika anajua ng'ombe."

Nikasema ndiyo, Mzee, anajua.

Akauliza, "Mwanangu Mwalimu anamfahamu mtu huyu?"

Nikamjibu kwamba bado hamfahamu.

Dada yako